Jinsi ya kuandika slam (shairi la kushindania jukwaani) kuhusu mwanamke na kichwa chake

Kwanza toa neno sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, kwenye mstari wa kwanza. Sio neno baya, ila jukwaani watu wakilisikia wanaona bango la kliniki, wewe hawakuoni. Anza na kitu kinachoshikika. Mi mtoto wangu alikuwa na wiki sita, silali hata yeye akilala, kila anayekuja kumuona ananiambia jikaze mama, nikajaza kurasa nne za naumia naumia zisizosema kitu. Afu siku moja niko Igombe, kando ya ziwa hapa Mwanza, kwa mama mkubwa, mvua ikatushtukiza, tukakimbia kuanua dagaa maana wakilowa wanaoza wanaishia chakula cha kuku, tulivyomaliza nikakaa kizingitini nimelowa chapachapa nikaandika kwenye simu: *dagaa nimewaanua, kichwa bado kinanyeshewa*. Hapo ndo shairi likaanza. Hesabu, mizani tisa huku tisa kule, sikupanga.

Ukishapata mstari wako huo urudie mara tatu hivi, ila kila ukirudi uwe umebeba jambo jipya, mara ya kwanza ni mvua, ya pili ni maneno ya mashangazi, ya tatu ni usiku wenyewe. Vina sio lazima, ila usivitupe, sikio letu limekulia humo.

Muda ni dakika 3. Hiyo ni sheria ya slam nyingi, mashindano aliyoyaanzisha mshairi Marc Smith kule Chicago miaka ya 80, majaji 5 wanaokotwa humohumo kwenye watazamaji, wanatoa alama 0 mpaka 10, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Muziki hakuna, vifaa hakuna, kwaio beseni la dagaa usilibebe, maneno yako ndo yalilete. Jirekodi na simu. Mi nafanyia mazoezi kwenye mawe ya Capri Point jioni, upepo wa ziwa unakulazimisha utoe sauti tumboni.

Sasa hapa naomba unisikie vizuri dada. Kidonda kibichi usikipandishe jukwaani. Kama huwezi kumsomea rafiki mmoja mpaka mwisho bila kutetemeka, liache daftarini kwanza, halichachi. Kama uliwahi kutaka kufa unaweza kusema, ila njia usiielezee, kuna mtu kakaa pale nyuma nae anapigana na hilohilo. Na uwe na mtu wa kukaa nae ukishuka, maana makofi yakiisha mwili unabaki unatetemeka.

Pia shairi sio dawa. Huzuni ikipita wiki mbili baada ya kujifungua nenda kliniki kaseme, hata siku ileile ya kumpima mtoto uzito. Mi nilishindwa kuelezea kabisa, nikamsomea nesi ule mstari wa dagaa kwenye simu. Akaweka kadi ya mtoto chini, akavuta benchi, akaniambia, haya mama, inanyesha tangu lini?