Namna ya kulitazama jumba la Woodhall Park

Nikipata wageni kutoka Tanga, huwapeleka Woodhall Park, hapa Hertfordshire, Uingereza. Tangu miaka ya 1930 jumba hilo ni Heath Mount, shule ya maandalizi ya watoto wasiozidi miaka 13.

Piga simu mapema. Humo mna watoto, na mtu haingii hivi hivi. Omba nafasi siku wanayopokea wageni.

Ukifika usikimbilie mlango. Simama mbali, ulitazame jumba zima, kisha ujiulize pesa zilitoka wapi. Msanifu Thomas Leverton alilijenga kuanzia mwaka 1777 kwa ajili ya Sir Thomas Rumbold, aliyechuma mali India, kisha akawa gavana wa Madras. Mimi mtoto wa pwani hapo husimama kidogo, maana bahari iliyoleta utajiri ule ndiyo niliyoogelea utotoni.

Ndani, dari na ngazi ni nzuri, lakini muda wako uuweke kwenye chumba cha michoro cha mwaka 1782. Kuta zake zimebandikwa picha zilizopigwa chapa kwa mabamba ya shaba. Sogea karibu, mikono nyuma. Fremu, tepe, hata minyororo inayoonekana kuzining'iniza, vyote ni karatasi iliyokatwa kwa mkasi! Fuata utepe mmoja kwa macho kuanzia juu mpaka chini, polepole. Wageni wangu hunyamaza kabisa hapo.

Treni: shukia Watton-at-Stone. Vaa viatu vya matope.