SOMO: Mkaa wa chenga usiobomoka (msinifuate inbox tena)

Swali ni lile lile kila wiki, "mkaa wangu unabomoka shida nini", sasa naandika mara moja, ukiuliza tena nakurushia hii.

1. Chenga: pita kwa wauza mkaa, zinazobaki chini ya gunia wengi wanamwaga au wanakuachia kwa bei chee.

2. Chekecha utoe mchanga, mapande twanga.

3. UJI. Hapa ndo wengi wanafeli. Chenga kilo 20 kwa unga wa muhogo kilo 1. Unga ukoroge kwanza na maji ya baridi, ndo umimine kwenye maji yanayochemka, mwiko usiuache mpaka ule weupe uishe uji uvutike kama gundi. Ukiwa bado mweupe kama maziwa haujaiva, na uji mbichi haushiki kitu, mkaa utaonekana umekauka safi halafu ukiubeba unarudi kuwa vumbi. Uji ukiiva ndo uchanganye na chenga, usinyunyizie unga mkavu. Usiongeze maji eti mkono umechoka kuchanganya, ukilowa sana unapasuka juani. Fumbata donge: lisimeguke, maji yasichuruzike.

4. Shindilia kwenye kopo au kipande cha bomba, sukuma utoke.

5. Anika siku 3 hadi 5, geuza. Mvua ikinyesha ingiza ndani, vinginevyo ukungu.

MASWALI

Kidoti: Mkuu uji unapikwaje?
— Namba 3.

Baba Tausi: Nimefuata yote bado unameguka. Ndoo moja ya lita 20, unga nusu kilo.
— Kipimo kiko sawa, ndoo hiyo ya chenga haifiki kilo 20. Uji ulibadilika rangi?
Baba Tausi: Ulikuwa mweupe.
— Haya.

Wanjiku_K: Huku Nairobi makaa yalipanda bei vile serikali ilipiga marufuku ukataji miti 2018, nikaanza kutumia maranda ya seremala. Yanashika poa lakini moshi! Mbona?
— Swali zuri dada. Maranda mabichi bado ni kuni, zimesagwa tu. Lazima yachomwe kwanza kwenye pipa lenye hewa kidogo, yakiwa meusi unaziba kabisa la sivyo unabaki na majivu. Ila maranda yanalaliana hewa haipiti, anza na vifuu vya nazi au magunzi ya mahindi. Pumba za mpunga majivu mengi mno.

Mtu wa Mbeya: Hauna moshi, usiku nauacha chumbani unapasha joto, safi sana.
— TOA NJE LEO. Gesi ya kaboni monoksaidi haina moshi wala harufu, na mkaa huu unaitoa kama mkaa wowote. Watu wanalala hawaamki.

Fundi Jiko: Udongo wa mfinyanzi badala ya muhogo?
— Unashika, ila udongo hauungui, jiko linajaa majivu na moto unapoa.

Mama Rehema: Mie nawashia na vipande viwili vya mkaa wa kawaida, ukikolea nabandika maharage nasahau. Chai ya haraka hapana, utangoja. Majivu nasugulia masufuria.
— Yachekeche kwanza mama, mchanga unakwaruza.