Mtu wako akirudi kutoka jeshini: jinsi ya kuishi naye miezi ya kwanza

Naandika hii kwa ajili ya wake, waume, mama na ndugu ambao mtu wao anarudi kutoka vitani, au ndo kastaafu kabisa kavua kombati. Mume wangu ametumikia miaka 21, mi nimeishi naye kwenye ndoa miaka 16 kati ya hiyo, na nikihesabu usiku tuliolala nyumba moja hata nusu haifiki. Namna ya kumpokea nilijifunza kwa kukosea, basi chukueni makosa yangu.

Kabla hajafika

Usiite watu. Najua una hamu ya kusherehekea, na ndugu wote wanataka kumwona, ila mi nilijaza nyumba siku ile ile, muziki, watoto wa watu, kelele, yeye akakaa kama dakika kumi akatoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba gizani peke yake, nami nikachukia nikaona ananiaibisha mbele za watu. Kumbe mwili wake ulikuwa bado uko lindo. Mtu aliyekaa miezi mahali ambapo mlio wa ghafla maana yake ni moja tu, hawezi kuzima hiyo hali eti kwa sababu amevuka kizingiti cha mlango wake. Siku tatu nne za mwanzo ziwe za watu wa ndani tu, wengine waje mmoja mmoja.

Watoto waambie mapema kwamba baba kachoka, anaweza asicheze sana, na sio kwamba hawapendi. Mdogo akimkimbia usimbebe kwa nguvu ukampakatishe, mwache baba akae chini sakafuni na kitu mkononi, mtoto atamfuata mwenyewe. Kwetu ilichukua wiki mbili na zilimuuma sana.

Usiku

Hapa naomba msome taratibu. Usimwamshe kwa kumgusa, yani usimtikise bega na usimwinamie usoni hata kama analia usingizini. Simama upande wa miguuni mbali na mikono yake, washa taa ya korido, mwite jina kwa sauti ya kawaida, sio kunong'ona maana mnong'ono gizani unamshtua zaidi. Akifumbua macho usisogee bado. Mwambie wewe ni nani na yuko wapi, "ni mimi, uko nyumbani, chumbani kwetu", halafu subiri mpaka akujibu neno linaloeleweka.

Mi nilimgusa bega usiku wa nne. Nikajikuta mkono wangu umebanwa ukutani, macho yake yananitazama lakini hanioni, kisha akanitambua akaachia, akakaa ukingoni mwa kitanda anatetemeka, fulana imelowa jasho chapachapa. Hakusema kitu. Wiki nzima iliyofuata alilala kwenye kochi kwa kuogopa kuniumiza, na lile kochi liliniuma kuliko mkono. Kama kulala mbalimbali kwa muda kunawapa wote usingizi, laleni mbalimbali, ndoa haivunjiki kwa hilo.

Pombe ya kulalia ikatae mapema kabla haijawa mazoea. Inamletea usingizi haraka ni kweli, ila usiku ukisogea inaukatakata, na yale majinamizi yanarudi kwa nguvu alfajiri.

Maswali

"Umeua wangapi?" Hili lisiulizwe nyumbani kwako, na mgeni akiliuliza mkatishe wewe, usimwachie yeye kazi ya kujibu. Usimwambie pia "sahau" wala "shukuru Mungu uko hai", kwa sababu kama alimpoteza mwenzake, hiyo ya kuwa hai ndo inayomkosesha usingizi, anajiuliza kwa nini yeye na sio yule. Muulize vitu vidogo, walikuwa wanakula nini, nani alikuwa anakoroma, mvua ikinyesha walijificha wapi. Na wengi hawaongei uso kwa uso, wanaongea mkiwa mnatembea au mnatengeneza kitu, macho yake yako kwenye kazi sio kwako. Akianza, nyamaza. Usikimbilie kumfariji.

Akitaka kukaa kiti kinachotazama mlango mpe. Fataki zikija, mwambie siku moja kabla.

Kuna wazee watasema wanajeshi wa siku hizi ni laini. Waambieni haya mambo ni ya zamani, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia askari walikuwa wanatetemeka na kupoteza sauti, wengine waliitwa waoga na jeshi lao lenyewe likawapiga risasi. Uingereza ilikuja kuwasamehe wanajeshi 306 waliouawa hivyo kwa utoro, uoga na makosa mengine ya kijeshi, lakini mwaka 2006, wakati wote walishazikwa kitambo. Na jina la PTSD tunalolisikia leo, yani ugonjwa wa akili unaompata mtu baada ya kupitia mambo ya kutisha, liliingia kwenye kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani mwaka 1980 tu. Kilichochelewa ni jina, watu walikuwa wanaumwa miaka yote.

Nani anaongoza nyumba

Umekuwa baba na mama, umelipa ada, umetengeneza bomba, umezika ndugu bila yeye, sasa anarudi anatoa amri kama yuko gwarideni. Usimkabidhi kila kitu siku moja na usimnyime kila kitu pia. Mpe jambo moja liwe lake kabisa, usimkosoe humo, mimi nilimpa asubuhi za watoto kwenda shule, wakawa wanapanga viatu mstari mmoja mlangoni na wakapenda. Lingine liongezwe baada ya wiki kadhaa. Kwa aliyestaafu hili ni kubwa zaidi, maana huko alikuwa na cheo, na zamu, na watu wanaomtegemea, hapa anaamka saa kumi na moja hana pa kwenda.

Mwili, makaratasi na hela

Mpeleke akapimwe masikio hata kama anasema yuko sawa. Mlio mmoja wa bunduki ya kivita unapita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu sikio papo hapo, hivyo akiongeza sauti ya redio au asipokujibu ukimwita kwa nyuma inawezekana hakusikii kweli, sio kiburi. Magoti na mgongo pia, miaka ya kubeba kilo 30 na zaidi inadai baadaye. Kama bado yuko kazini mwambie kila jeraha liandikwe, na akitoka aondoke na nakala za faili lake la matibabu na vyeti vya utumishi, kwa sababu bila karatasi madai ya mafao yanakwama na utazungushwa.

Kiinua mgongo kikiingia, miezi mitatu msinunue wala kuanzisha chochote kikubwa. Watu wenye mipango mizuri watajitokeza, wengi ni wale hamjawahi kuwaona.

Dalili za kutafuta msaada

Kukosa usingizi na kushtuka wiki za mwanzo ni kawaida. Ikipita mwezi haipungui, au inazidi, au anakwepa watu wote, au hasira inafika kwenye kupiga, tafuteni daktari wa akili au mshauri anayejua kiwewe, na wakati mwingine inaanza hata miezi sita au zaidi baadaye. Kuna tiba ya mazungumzo iliyopangwa, mara nyingi vikao 8 mpaka 15, na inasaidia wengi. Akikupiga au watoto wanaogopa, ondokeni kwanza, mtamsaidia mkiwa salama.

Akisema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kama ni ndiyo usimwache peke yake, silaha na dawa zitoke ndani ya nyumba, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na wenzake wa kikosi wapigieni simu, hata kama yeye anaona aibu kuanza. Wangu sasa kila Jumamosi jioni anaongea na mmoja, lisaa lizima, soksi zilizolowa, afande fulani, uji ulioungua, halafu kuna wakati wote wawili wananyamaza na simu iko hewani. Hapo huwa naingia jikoni na kufunga mlango.