Jinsi ya kuandaa maombi ya Tuzo ya Kimataifa ya EFQM

EFQM ni taasisi yenye makao yake Brussels, Ubelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1988 na kampuni 14 za Ulaya zilizotaka kuinua ubora wa uendeshaji wa biashara zao. Tuzo yake ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1992, ikachukuliwa na Rank Xerox, na leo mashirika ya nchi za Ghuba nayo huiwania. Nimesimamia maandalizi ya maombi ya namna hii, na ninaandika kwa ajili ya ofisa ubora aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Zifahamu alama zilipolala

Modeli ya EFQM, yaani mfumo unaotumika kulipima shirika, iliyozinduliwa mwaka 2019 ina vigezo 7 vyenye jumla ya alama 1000. Vigezo viwili vya mwelekeo, yaani dira na mkakati pamoja na utamaduni na uongozi, vina alama 200. Vitatu vya utekelezaji vina 400. Na viwili vya matokeo, kimoja kikihusu mitazamo ya wadau na kingine utendaji wenyewe, vina 400. Timu nyingi huteketeza wiki nzima zikinyoosha maneno ya dira, ilhali matokeo, yenye alama maradufu ya mwelekeo wote, hukusanywa siku za mwisho.

Hatua ya 2: Jitathminini kabla ya kuandika

Wakusanye watu wa idara mbalimbali, wakiwemo wa ghalani na wa huduma kwa wateja, kisha kila mmoja atoe alama zake peke yake kabla ya majadiliano, maana meneja akitangulia kusema, wengine humfuata. Pale alama zinapotofautiana sana, simameni mchunguze, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo utaratibu ulioandikwa unapoachana na kazi inayofanyika.

Hatua ya 3: Jengeni ushahidi wa matokeo

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wenu mwingi. Watathmini hutumia utaratibu uitwao RADAR, unaouliza ni matokeo gani yanayokusudiwa, ni mbinu gani zimepangwa kuyafikia, zimetekelezwa kwa upana gani, na zinapimwa na kuboreshwa vipi. Kwa hiyo takwimu ya mwaka mmoja, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haitoshi. Kila kipimo muhimu kiwe na mwenendo wa miaka kadhaa, lengo lililowekwa kabla ya mwaka kuanza, ulinganisho na shirika jingine linalofanya kazi kama yenu, na maelezo ya kilichosababisha mabadiliko.

Chukua mfano wa kampuni ya usafirishaji. Kusema kwamba mizigo mingi hufika kwa wakati hakumsaidii mtathmini. Onyesha asilimia ya kila mwaka, ukitenganisha njia moja na nyingine, kisha useme ni badiliko gani la ratiba ya madereva lililotangulia kupanda kwa asilimia hiyo. Mwaka ambao matokeo yalishuka usiufiche. Katika maombi fulani niliyoyasimamia tuliuondoa mwaka mmoja mbaya kwenye grafu. Watathmini waliuulizia siku ya kwanza, na tangu hapo kila takwimu yetu ilitiliwa shaka. Laiti tungeuacha na kueleza tulichojifunza.

Hatua ya 4: Andikeni kwa sauti moja

Mwandishi awe mmoja, wengine wampe taarifa. Kila dai lifuatane na ushahidi wake papo hapo, na sifa zisizopimika zifutwe.

Hatua ya 5: Jiandaeni kwa ziara ya watathmini

Watathmini huja kuthibitisha yaliyoandikwa, na huzungumza na wafanyakazi wa ngazi zote. Msiwakaririshe watu majibu. Inatosha kila mfanyakazi aweze kueleza kazi yake inachangia lengo gani na lini mara ya mwisho pendekezo lake lilifanyiwa kazi. Asipoweza, basi kasoro iko kwenye uongozi, na wakati wa kuirekebisha ni miezi kadhaa kabla ya ziara.

Baada ya ziara mtapokea ripoti ya mrejesho inayotaja nguvu zenu na maeneo ya kuboresha. Isomeni pamoja na watu wale wale waliojitathmini mwanzoni, mkiwa na alama zenu za awali mezani, na kila eneo lililotajwa lipewe mhusika na tarehe kabla hamjaondoka chumbani.