Namna ya kubuni meli ya huduma ya jeshi la majini la Ujerumani ambayo haikuwahi kuwepo

Wachoraji wengi wa meli za kufikirika wanakimbilia manowari, mizinga mikubwa, makombora, basi. Mimi nachora meli za nyuma, yaani tanka, meli za stoo, tagi (za kuvuta meli nyingine) na tenda (za kuhudumia boti ndogo), na ugonjwa huu nimeupata kwa ile Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishia Rufiji. Shule tulifundishwa ilizamishwa tu, kumbe stori yenyewe ni ya makaa na vipuri. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, halafu ikarudi kujificha deltani kwa sababu injini imegoma na makaa ni ya kuokoteza, vipuri vikaburutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam vikatengenezwe, Somali ambayo ndo ilikuwa meli yake ya huduma ikapigwa ikaungua humo humo, na 11 Julai 1915 mchezo ukaisha. Mizinga 10 ya milimita 105 ilikuwepo muda wote (mmoja uko Fort Jesus Mombasa, ukipita kauone), kilichokosekana ni mtu wa nyuma.

Basi twende, mfano wetu nitaujenga hapa hapa mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Mteja kwanza, meli baadaye

Usichore kitu kabla hujaandika mstari mmoja: inamhudumia nani, wapi, mwaka gani. Boti za kasi za kivita za Baltiki zilihitaji mama wa kuzibeba mgongoni, yaani karakana, maji, vitanda, chakula, na ndo maana Wajerumani Magharibi miaka ya 60 walijenga tenda 13 za daraja la Rhein, tena nyingi zikiwa na mizinga miwili ya milimita 100 kama frigeti (manowari ya wastani) ndogo. Miaka ya 90 zikaja sita za daraja la Elbe, mita 100 hivi, na karakana sasa iko ndani ya makontena juu ya sitaha, unabadilisha kontena kulingana na nani umekuja kumhudumia. Kazi ile ile, meli mbili tofauti kabisa kwa sura.

Wa kwetu: Ujerumani Magharibi, 1984, frigeti tatu za daraja la Bremen (ya kwanza iliingia kazini 1982) zinatoka Wilhelmshaven kwenda Atlantiki na hazitaki kuomba mafuta kwa Mmarekani kila wiki. Kwa hiyo tunahitaji tanka yenye stoo kidogo. Tayari umeshajua mambo mengi kabla ya kushika penseli.

Hatua ya 2: Jina na namba

Hapa ndo watu wanaumbuka. Naona mtu kachora meli ya 1980 kaiandika "SMS" mbele. SMS maana yake meli ya Mtukufu Mfalme, na Kaisari aliondoka 1918, baada ya hapo meli za Kijerumani hazina kifupisho rasmi, utakutana na FGS kwenye karatasi za NATO tu.

Majina nayo yana ukoo wake. Tenda ni mito: Elbe, Mosel, Rhein, Werra, Main, Donau. Tanka kubwa ni milima: Rhön na Spessart. Tanka ndogo ni maziwa: Walchensee, Ammersee, Tegernsee, Westensee. Tagi ni visiwa, Wangerooge, Spiekeroog, Helgoland, Fehmarn. Zile nane za stoo za Typ 701 (Typ ni namba ya muundo wa meli) wakaamua zote ziwe miji inayoishia na burg: Lüneburg, Coburg, Freiburg, Glücksburg, Saarburg, Nienburg, Offenburg, Meersburg. Huwa nacheka peke yangu nikifikiria kile kikao, karani kafungua ramani anatafuta burg ya nane. Zama za Vita Kuu ya Pili tanka kubwa za stoo zilibeba majina ya maeneo: Altmark, Dithmarschen, Ermland, Franken, Westerwald.

Yetu ni tanka, kwa hiyo mlima. Nimeiita Taunus, milima iliyo jirani na Frankfurt. Namba ya ubavuni inaanza na A kama meli zote za huduma (boti za bandarini ndo zinaanza na Y), na chunga usichukue namba yenye mwenyewe wakati ule: Freiburg ilikuwa A1413, ilipostaafu namba hiyo hiyo ikaja kupewa Bonn iliyoingia kazini 2013. Namba za Typ ndo hivyo hivyo, 701 zina wenyewe, 702 ndo akina Berlin (meli kubwa za huduma), 703 zile za maziwa, 704 akina Rhön. Hakikisha kabla hujajimilikisha.

Hatua ya 3: Vipimo, na hesabu ya kukulinda na aibu

Huhitaji digrii. Zidisha urefu, upana, na kina cha meli ndani ya maji, halafu zidisha na namba ya unene (boksi kamili ni 1, meli iliyochongoka ni ndogo zaidi), halafu 1.025 kwa ajili ya maji chumvi. Unapata tani.

Namba ya unene utaipata wapi? Iibe kwa meli halisi. Berlin ni karibu mita 174 kwa 24 kwa 7.4, na ikijaa ni tani 20,240. Rudisha hesabu nyuma, inatoka kama 0.64. Basi Taunus nampa mita 145 kwa 20 kwa 7, unene 0.65, inatoka tani 13,500 na kidogo. Inaingia akilini, ni mdogo wake Berlin.

Kabla hujaridhika pima na mfereji wa Kiel. Meli ya Kijerumani isiyoweza kupita toka Bahari ya Kaskazini kwenda Baltiki bila kuizunguka Denmark nzima haitapata saini ya mtu. Urefu na upana wa mfereji kwetu si tatizo, unaruhusu hadi mita 235 kwa 32.5, kinachowaponza watu ni madaraja: kitu cha juu kabisa kisizidi mita 40 toka usawa wa maji. Nishawahi kuchora mlingoti mzuri sana, rada juu ya rada, nikaja kupima nikakuta mita 46. Nilikata roho kidogo, halafu nikakata mlingoti.

Hatua ya 4: Tani zinaenda wapi

Chukua 13,500 ugawe. Chuma, injini na vitu vya kudumu nimeweka tani 6,050. Zinabaki 7,450: dizeli ya wateja 5,500, mafuta ya helikopta 400, maji 300, risasi na makombora 200, chakula na vipuri 150, mafuta yake mwenyewe 900. Hapo watu wanaishia, wanasahau kwamba tani lazima zikae mahali. Dizeli tani 5,500 ni kama mita za ujazo 6,470. Matangi yenye urefu wa mita 50, upana 20, kwenda juu 6.5 yanakupa 6,500. Imeenea, kwa mbinde, lakini imeenea, na sasa unajua mita 50 za katikati ya meli hazina nafasi ya kitu kingine chochote, nyumba ya nahodha lazima isogee tezi (nyuma) au omo (mbele).

Angalia nimetumia upana wote, ubavu kwa ubavu. Ni makusudi. Tanka yangu ya kwanza ya miaka ya 70 niliichora na ngozi mbili (ukuta wa nje na wa ndani), nikajiona mtaalamu, mzee mmoja wa hobi hii akaniuliza huyu mchoraji ametabiri Exxon Valdez, ile tanka iliyomwaga mafuta Alaska? Ajali ile ni 1989, na sheria ya ngozi mbili kwa tanka za dunia ikaja 1992. Rhön na Spessart zenyewe ni ngozi moja, tena zilianza maisha kama tanka za biashara jeshi likazinunua. Ukichora ya leo, toa mita mbili kila upande halafu ulie na matangi yako.

Hatua ya 5: Kasi

Fupi. Berlin anapata noti 20 (maili za baharini kwa saa) kwa kilowati 10,680. Ukishusha kulingana na tani zake, halafu ukatumia hesabu ya mchemraba (kasi mara kasi mara kasi), Taunus kwa noti 18 anataka kama kilowati 6,000, dizeli mbili za 3,000. Kwa noti 20 anataka zaidi ya 8,100. Noti mbili tu zimekula kilowati elfu mbili na ushee! Frigeti zikisafiri kwa kubana mafuta hazikimbii, 18 inatosha, usiwe na tamaa.

Hatua ya 6: Sitaha, hapa tulia

Meli ya huduma inajulikana kwa nguzo zake. 1984 mafuta yanapita ubavuni: meli mbili zinakwenda sambamba, zimeachana mita thelathini hadi hamsini, waya umekazwa katikati, mpira wa mafuta unaning'inia juu yake. Kwa hiyo nguzo mbili za mafuta kila upande, usawa wa matangi, na moja ya mizigo mikavu karibu na stoo ya risasi. Halafu jiulize: kreti la kombora linatoka stoo linafikaje kwenye nguzo? Kama kuna mlango, kona mbili na ngazi njiani, futa uanze upya. Lazima njia inyooke, forklifti ipite. Uwanja wa helikopta uwe tezi, mbali na nguzo.

Ukichora ya 1939 mambo yanageuka. Altmark na wenzake, mita 178, noti 21, walikuwa wakipitisha mafuta kwa nyuma, mpira unaelea baharini na meli ya vita inafuata tezi. Hapo nguzo za ubavuni ni uongo, unataka roli kubwa la mpira tezi.

Hatua ya 7: Bendera, rangi, silaha

Amua nani anaiendesha. Rhön na Spessart zina mabaharia raia, zinapeperusha bendera ya serikali, siyo ile ya jeshi la majini yenye mkia wa mbayuwayu, na hazina mizinga. Ukimweka raia ndani halafu ukafunga mzinga wa milimita 76 omo umejipinga mwenyewe. Taunus nimeipa raia, kijivu, vifungio tupu vya mizinga miwili ya milimita 40 vilivyofunikwa turubai. Turubai lile linaeleza Vita Baridi kuliko mzinga wenyewe.

Na kama unapenda udanganyifu, kuna Rubens. Februari 1915 ilitoka Wilhelmshaven ikijiita Kronborg ya Denmark, mabaharia wanaongea Kidenishi, mbao sitahani, chini makaa ya Königsberg, ikafika mpaka ghuba ya Manza kule Tanga Aprili ndo Waingereza wakaikuta na kuipiga mizinga. Kwa meli ya namna hiyo kazi yako ni kuchora meli ya kawaida isiyovutia macho ya mtu yeyote, na ni ngumu kuliko unavyodhani.

Hatua ya 8: Kuchora

Natumia pikseli moja kwa nusu futi, kama sentimita 15, Taunus inatoka pikseli 951. Anza na mstari wa maji, halafu matangi, halafu nguzo, nyumba ya nahodha mwisho. Ukimaliza chora baharia wa pikseli 12, huyo ni mtu wa futi sita, umtembeze: mlangoni, kwenye winchi, chini ya helikopta. Wangu alifika kwenye mlango wa stoo kichwa kikagota juu ya fremu, nikarudi kuchora milango yote 31.