Kabla hujapandisha giaboksi ya manyuali, chungulia tundu la krenki

Wale mnaong'oa giaboksi ya oto mtie manyuali wenyewe nyumbani, haswa hizi gari za propela zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kabla hujaipandisha tia kidole kwenye tundu la nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, injini nyingi za oto hazina ile beringi ndogo ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi ya manyuali, mimi nilisahau nikaushusha mzigo wote tena saa saba mchana na jua hili la Malindi, mgongo mpaka leo wallahi. Bolti za flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki, pia tafuta zake, za oto mara nyingi ni fupi. Na stata ikinyamaza usilaumu betri, gari bado yasubiri swichi ya P na N ya ile giaboksi ya oto, inayoruhusu stata gia ikiwa P au N tu, hamishia zile waya kwenye swichi ya pedeli ya klachi, ukiziunga tu hivi hivi siku moja itaruka na gia ndani ikuvunjie ukuta.