Jedwali la ugavi na matumizi: anza na mstari wa mahindi

Kanuni ya jedwali la ugavi na matumizi ni moja: bidhaa yoyote iliyopatikana nchini mwaka huo, iwe imezalishwa ndani au imeagizwa kutoka nje, lazima ionekane imekwenda mahali. Imeliwa, imetumiwa na kiwanda, imeuzwa nje, imejengewa au imebaki ghalani. Ugumu ni kwamba upande wa ugavi unatoka kwenye takwimu za kilimo, viwanda na forodha, na upande wa matumizi unatoka kwa kaya, Hazina na Benki Kuu, na hawa wote hawajawahi kukaa meza moja. Jedwali ndilo linalowakutanisha: kila mstari ni bidhaa moja, na kila safuwima ni shughuli au aina ya matumizi.

Mwongozo huu ni wa mwenzangu aliyehamishiwa kitengo cha pato la taifa na kuambiwa mwaka wa kizio, yaani mwaka wa msingi wa kulinganishia, unabadilishwa. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania Bara. Ukiwa kwingine, badilisha mahindi kwa zao lenu kuu la chakula.

Hatua ya 1: Chagua mwaka na ukubwa

Chagua mwaka wenye tafiti nyingi karibu yake. Tanzania ilitumia 2015 kama mwaka wa kizio, Kenya 2016. Hata hivyo tafiti hazigongi mwaka wako sawasawa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Tanzania Bara ulifanyika 2011/12, kisha 2017/18, kwa hiyo matumizi ya kaya ya 2015 ni lazima uyasogeze kwa idadi ya watu na bei. Andika ulivyoyasogeza.

Shughuli za kiuchumi zipange kwa ISIC (uainishaji wa kimataifa wa shughuli), toleo la nne, na bidhaa kwa CPC (uainishaji wa kimataifa wa bidhaa). Bidhaa ziwe nyingi kuliko shughuli. Usinakili orodha ya Ulaya, maana huko mashine zitagawanywa mistari kumi na mihogo, viazi vitamu na ndizi zitasukumwa kwenye mstari mmoja. Kwetu iwe kinyume. Mahindi yawe peke yake, mchele peke yake, na korosho, tumbaku na dhahabu vivyo hivyo.

Kuhusu programu, Kameruni, Mali na Burkina Faso wametumia ERETES, iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii. Wengi wetu tuko kwenye Excel, na Excel inatosha iwapo kila namba ina jina la chanzo chake pembeni.

Hatua ya 2: Jaza ugavi

Kila safuwima ni shughuli, na chini yake unaandika ilichozalisha, pamoja na cha pembeni. Hoteli inauza malazi na chakula. Kiwanda cha sukari kinaweza pia kuuza umeme. Usivihamishe vitu hivyo kwenye shughuli nyingine ili jedwali lipendeze.

Kisha uagizaji. Hapa ndipo nchi zenye bandari hupotea. Mafuta na magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam ni ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Yanapita tu. Omba data ya forodha ikiwa na aina ya tamko: IM4 ni ya matumizi ya ndani, IM8 ni ya kupita. Ukichanganya, nchi yako itaonekana inachoma dizeli ambayo haikuwahi kubaki humo, na mstari wa mafuta hautasawazika hata ukeshe.

Jambo jingine la kwetu: hesabu za Bara na za Zanzibar zinatengenezwa na ofisi mbili. Vitunguu na mchele vinavyovuka kwenda Unguja ni matumizi nje ya jedwali la Bara, ingawa havijavuka mpaka wa nchi. Vitafutie mahali mapema.

Hatua ya 3: Toka bei ya msingi kwenda bei ya mnunuzi

Mzalishaji anahesabiwa kwa bei ya msingi, yaani anachobaki nacho kabla ya kodi za bidhaa. Mlaji anahesabiwa kwa alicholipa. Katikati kuna wafanyabiashara, wasafirishaji na kodi, kutoa ruzuku. Sehemu ya biashara na usafirishaji inaongezwa kwenye kila bidhaa, kisha jumla yake yote inatolewa kwenye mistari ya huduma za biashara na usafirishaji, ili safuwima nzima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, simama hapo.

Kodi iishie kwenye kiasi kilichokusanywa kweli, si kile ambacho sheria ingeleta. Weka VAT pale tu mnunuzi asipoweza kuirudisha. Mazao ghafi yamesamehewa VAT, lakini ushuru wa mazao wa halmashauri upo.

Hatua ya 4: Jaza matumizi

Matumizi ya kati, yaani bidhaa na huduma ambazo wazalishaji wanazitumia kuzalisha vingine, yanatoka kwenye tafiti za viwanda na hesabu za makampuni, ambazo kwa kawaida huandika "malighafi" na "gharama nyingine" bila mnyumbuliko. Utalazimika kupiga simu. Matumizi ya mwisho ni ya kaya, serikali, ukuzaji rasilimali (majengo, mashine na uwekezaji mwingine), mabadiliko ya maghala na mauzo nje.

Hatua ya 5: Sawazisha mstari kwa mstari

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua mahindi kwa namba za kufundishia, tuseme mabilioni ya shilingi. Uzalishaji 1,000, uagizaji 10, biashara na usafirishaji asilimia 30 ya vyote, yaani 303, ushuru 5. Ugavi ni 1,318.

Matumizi: viwanda vya unga 420, chakula cha mifugo 90, mbegu za akiba 30, hoteli, shule na magereza 40, kaya kula walicholima 380, kaya kununua sokoni 120, mauzo nje 60, maghala 20. Jumla 1,160.

Pengo ni 158. Anayefanya haraka atalitupa kwenye maghala, au ataiachia kompyuta iligawanye. Usifanye hivyo. Liulize limetoka wapi.

Kwanza, mahindi ambayo mkulima amekula mwenyewe hayakupandishwa lori wala kupita kwa dalali. Hayo 380 na mbegu 30 hayastahili asilimia 30. Yanayostahili ni 600 tu (1,010 kutoa 410), kwa hiyo biashara na usafirishaji ni 180 na ugavi unashuka hadi 1,195. Hakikisha pia kwamba hizo 380 zimethaminiwa kwa bei ya shambani. Mara nyingi kaya hujibu kwa bei ya gulio.

Limebaki 35. Angalia kama uzalishaji ulipimwa kabla ya hasara za kawaida za kuhifadhi: panya, dumuzi, unyevu. Hasara hizo hupunguza uzalishaji wenyewe. Tuseme ni 15. Uzalishaji unakuwa 985, yaliyopita sokoni 585, biashara na usafirishaji 175.5, na ugavi 1,175.5. Angalia na vipimo pia. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, si gunia la kilo 100, na bei iliyokusanywa kwa lumbesa ikigawanywa kwa 100 inakuwa kubwa mno.

Halafu mauzo nje. Si mahindi yote yanayovuka Namanga na Tunduma yana karatasi. Linganisha na wenzako wa Kenya na Zambia wameandika kuingiza kiasi gani. Uganda hufanya utafiti maalumu wa biashara isiyo rasmi mipakani, nao unafaa kulinganishia. Ushahidi ukikuruhusu kupandisha 60 hadi 75, matumizi ni 1,175. Nusu bilioni iliyobaki, sasa ndiyo iende maghalani.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni mashine ya kusaga ya mtaani. Mama akipeleka debe lake la mahindi na kulipia kusagiwa, mwenye mashine hajanunua mahindi. Ameuza huduma. Kwa hiyo zile 420 ni za viwanda vinavyonunua mahindi na kuuza sembe tu. Ukiyaweka yote humo, umehesabu debe la mama mara mbili, na matumizi ya kati ya usagaji yatapita uzalishaji wake. Usisahau pumba: kiwanda kinaziuza, na zinaonekana upande wa pili kama chakula cha mifugo.

Hatua ya 6: Geukia safuwima

Kila badiliko kwenye mstari limegusa safuwima fulani. Toa matumizi ya kati kwenye uzalishaji na utazame uwiano wa ongezeko la thamani. Ukiona bodaboda wana asilimia 90, mafuta yao yako kwenye safuwima ya mtu mwingine. Zunguka kati ya mistari na safuwima hadi pato la taifa kwa uzalishaji lilingane na la matumizi.

Njia ya RAS, ya kompyuta kusawazisha mistari na safuwima kwa uwiano, itumie mwisho, pengo la kila mstari likiwa chini ya asilimia moja au mbili, na ufunge seli unazoziamini: kodi, serikali, uagizaji. RAS haijui mahindi.

Hatua ya 7: Bei za mwaka uliotangulia

Ukishapata miaka miwili, rudia jedwali la pili kwa bei za mwaka wa kwanza. Uzalishaji ushushwe kwa bei za wazalishaji, matumizi ya kati kwa bei za wanunuzi, kila bidhaa kwa fahirisi yake ya bei, yaani kipimo cha bei zilivyobadilika. Safuwima ambayo ongezeko lake la thamani litageuka hasi ina fahirisi isiyo yake, au kuna seli uliyoisawazisha kwa nguvu katika hatua ya 5. Fungua maelezo ya seli hiyo kabla hujagusa fahirisi.